Kumkabidhi Mtoto Maisha Yake

Huku Ibanda, mjini Bukavu, kijana hafungashi virago siku anapotimiza miaka 18. Anapata diploma ya Serikali, anaingia chuo kikuu, anamaliza, na bado analala katika chumba kile kile alichokuwa akilala tangu shule ya msingi. Kazi ni chache. Nyumba za kupanga kuanzia Nyawera hadi Nguba ni ghali, na mwenye nyumba hutaka garanti ya miezi kadhaa mkononi kabla hajatoa ufunguo. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa wazazi wa zile nchi za Ulaya ambako kijana huhama mapema na kuanza kwake, hautufikishi mbali. Kwetu mtu wa miaka 27 anakula bugali na sombe ya mama yake kila jioni, na hakuna aliyekosea.

Ugumu wetu uko mahali pengine. Kwa kuwa mtoto hahami, hakuna siku inayomlazimisha mzazi abadilike. Tunaendelea kumuuliza anatoka wapi, tunamchagulia masomo, tunafungia vyeti vyake kabatini, tunajua namba ya siri ya simu yake, tunajibu kwa niaba yake wageni wanapomuuliza swali. Anafika miaka 30, anaoa au anaolewa, na hapo ndipo tunashangaa kwamba hawezi kuamua jambo bila kupiga simu nyumbani, au kwamba hapigi simu kabisa. Yote mawili yana mzizi mmoja: hakuna aliyemkabidhi maisha yake. Mmoja bado anangojea apewe, mwingine aliyachukua kwa nguvu na kuondoka nayo.

Ninachowashauri wazazi wenzangu ni makabidhiano. Kuna vitu mzazi ameshika vya maisha ya mtoto wake: makaratasi, pesa, masomo, safari, ndoa. Avikabidhi kimoja kimoja, kwa maneno yanayosikika, mtoto akiwa bado karibu na akikosea tupo wa kumshauri. Na akishakabidhi, asirudishe mkono.

Sheria ya nchi imeshatangulia kutuonyesha mpaka. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kutembea nchini na kuchagua mahali pa kukaa. Kifungu cha 40 kinampa haki ya kuoa au kuolewa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Lakini kifungu hicho hicho cha 40 kinasema pia kwamba watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Wale wanaodhani kwamba kumwachilia mtoto ni kukata undugu wakisome mpaka mwisho. Uhuru wa mtoto na wajibu wake kwa wazazi vimeandikwa pamoja, na hakuna aliyeona kwamba vinapingana.

Anza na makaratasi

Karibu kila nyumba ya Bukavu ina mfuko mmoja, mara nyingi wa mama, wenye vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ubatizo, buletini za shule, diploma na picha chache. Tunaelewa ulikotoka. Mji huu umetekwa mwaka 1996, umetekwa Juni 2004, umetekwa tena Februari 2025, na kila mara mama aliyekimbia na mfuko ule ndiye aliyeokoa miaka ya masomo ya watoto wake. Kuushika ulikuwa upendo wa kweli.

Ila mtoto wa miaka 22 ambaye lazima amwombe mama yake diploma kila anapotaka kupeleka maombi ya kazi, bado ni mwanafunzi mbele ya mlango wa mkurugenzi. Fanyeni hivi. Chagueni siku moja ambayo wazazi wote wawili wapo. Kila karatasi itolewe nakala mbili, na ipigwe picha kwa simu, picha zihifadhiwe katika barua pepe ya mtoto. Nakala zibaki nyumbani. Zile za asili azichukue mwenyewe, atafute mahali pake pa kuziweka. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho cha Mkongomani, isikae kwa mtu mwingine hata siku moja. Na laini ya simu iliyoandikishwa kwa jina la baba iandikishwe upya kwa jina la mwenye kuitumia.

Mwambieni wazi: "Hivi ni vyako. Kimoja kikipotea, wewe ndiwe utakayekwenda ofisini kukitafuta." Kisha kikipotea kweli, msiende. Mwelekezeni ofisi ilipo, mumwache apange foleni. Asubuhi moja ya kungoja karani itamfundisha kutunza karatasi kuliko miaka kumi ya kuonywa.

Pesa inahitaji subira zaidi

Hapa ndipo wengi tunakwama, kwa sababu pesa ni kidogo na kosa linauma nyumba nzima. Baba anayelipa minervali, yaani ada ya chuo, hupenda kuipeleka mwenyewe, au kumtuma mjomba, asije kijana akaila. Hofu hiyo ina msingi. Visa vya minervali kuliwa tunavijua sote. Lakini kijana ambaye hajawahi kushika dola mia mbili zisizo zake na kuzifikisha salama, utamkabidhi nini baadaye? Duka? Mahari? Mshahara wa wafanyakazi?

Gawanyeni kazi hiyo katika vipindi. Muhula wa kwanza, mpe sehemu ndogo ya minervali, aende kulipa mwenyewe pale chuo kinapoelekeza, alete karatasi ya malipo, aiweke katika faili lake mwenyewe. Muhula unaofuata, mpe sehemu kubwa zaidi. Wakati huo huo acha kumpa nauli ya teksi kila asubuhi. Hesabu naye nauli ya mwezi, chakula cha mchana na mega za simu, umpe yote tarehe moja. Zikiisha tarehe 18, usiongeze. Chakula cha nyumbani kipo, hatalala njaa. Atatembea kwa miguu kutoka Panzi hadi chuoni, na mwezi ujao atapanga vingine. Mzazi mwenye moyo laini atateseka kumwona mtoto akipanda mlima ule chini ya jua. Ateseke tu, kwani akifungua mkoba tarehe 19 amebomoa mwezi mzima wa mafunzo.

Akianza kupata chochote, hata kwa kuuza mega au kutengeneza simu pale Essence, apewe bili moja ya nyumba iwe yake. Umeme wa SNEL, au maji ya REGIDESO, au mkaa. Kiasi si hoja. Hoja ni kwamba ikifika zamu yake na hajalipa, taa zinazimika kwa wote, naye anasikia nyumba nzima ikiuliza. Mtu anayelipa umeme wa nyumba huanza kuzungumza mezani kwa sauti nyingine, na wadogo zake humsikiliza kwa namna nyingine.

Kwa akiba, mji wetu una shule nzuri tayari. Tuna vikundi vya AVEC, ambavyo mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE: watu kama 15 hadi 25 wanakutana kila juma, kila mmoja ananunua hisa kulingana na uwezo wake, wanakopeshana, na baada ya miezi 9 hadi 12 wanagawana akiba pamoja na faida. Tuna pia MUSO, zenye kasha la kijani la akiba na mikopo, kasha jekundu la kusaidiana katika magonjwa na misiba, na kasha la buluu la pesa zinazotoka nje ya kikundi. Akina mama wengi wamo humo. Kosa ninaloliona ni mama kununua hisa kwa jina lake "kwa ajili ya mtoto". Mwache aingie mwenyewe, katika kikundi kingine ikiwezekana, ambako hakuna atakayemwita mtoto wa Mama Fulani. Akikopa na kuchelewa kurudisha, watu wasiokuwa na damu yake watamdai mbele ya wote. Hilo wewe mzazi huwezi kumfanyia.

Mshahara wa kwanza una desturi yake: kijana huuleta kwa wazazi apate baraka. Upokeeni kwa furaha, muombe naye. Baada ya siku hiyo, msiulize tena analipwa kiasi gani. Anayeulizwa mshahara kila mwezi hujifunza kusema uongo kwa heshima.

Na ninyi mnapohitaji msaada wake, semeni kiasi na kazi yake: "Tumepungukiwa dola 30 za dawa ya shinikizo la damu ya baba, unaweza kutoa ngapi?" Kupitia kwa shangazi, kulia katika simu, kumkumbusha kila mara "nimekusomesha", kunamfanya mtoto aione familia kama deni lisilo na mwisho, na mwenye deni la namna hiyo hukimbia. Kama watoto wanaojitegemea ni wanne, waiteni wote wanne siku moja, wagawane wenyewe. Yule aliye mpole zaidi, ambaye mara nyingi ni binti, ndiye huwa anabebeshwa peke yake, na hiyo ni dhuluma hata kama yeye halalamiki.

Masomo na kazi

Tangu Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilipoanzishwa mwaka 1989, wazazi wengi wa hapa wamekuwa na ndoto moja: mtoto avae koti jeupe. Ndoto si mbaya. Lakini udaktari ni miaka mingi na pesa nyingi, na anayesomea udaktari wa mama yake huchoka njiani, kisha hukaa nyumbani akiona haya, miaka mitatu imepita na hana hata cheti cha ufundi.

Daktari Denis Mukwege alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1955, baba yake akiwa mchungaji wa Kipentekoste. Mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza mbona anaomba tu na hatoi dawa. Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua hapo kuwa daktari. Alisomea Burundi, akafanya kazi Lemera, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza tiba ya wanawake, akarudi Kivu. Hospitali ya Panzi, hapa hapa Ibanda, aliianzisha mwaka 1999, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Namkumbuka zaidi yule mchungaji. Aliulizwa na mtoto swali ambalo lingeweza kuchukuliwa kuwa utovu wa adabu, akalijibu kwa ukweli: hiyo si kazi yangu. Katika jibu hilo kulikuwa na nafasi ya mtoto kupata kazi yake.

Mtoto akija kusema anataka kuacha udaktari aende kilimo, au kuacha sheria afungue kiwanda kidogo cha sabuni, swali la kwanza liwe hili: "Umeshaamua, au unataka tufikiri pamoja?" Swali hilo limewaokoa wengi. Akisema bado anafikiri, toeni yote mnayoyajua, na hofu zenu pia. Akisema ameamua, yaacheni mahubiri, mumuulize anahitaji nini kutoka kwenu. Hapo mzazi ana haki kamili ya kusema anachoweza na asichoweza. "Tutalipa miaka mitatu ya shahada ya kwanza. Ukirudia mwaka, mwaka huo utachangia nusu." Mlipaji ana neno juu ya kiasi na muda. Juu ya uchaguzi wenyewe hana.

Mtu mzima chini ya paa lako

Nyumba ni yenu, kwa hiyo sheria za nyumba ni zenu: lango linafungwa saa ngapi, wageni wanalala au hawalali, nani anachota maji yanapokatika, nani anaosha vyombo. Mwana wa kiume wa miaka 25 naye ana zamu ya madumu ya maji kama dada yake. Haya yasemwe wazi, ikiwezekana yaandikwe.

Lakini marafiki zake, mavazi yake, kanisa anakosali, mtu anayezungumza naye kwa simu usiku, hayo si ya nyumba. Hata chumba chake: gongeni mlango. Mama anayeingia kufagia chumba cha kijana wa miaka 24 mara nyingi hafagii tu, anatafuta, na kijana anajua. Kama katika parsele pana nafasi ya chumba chenye mlango wake, jengeni hapo. Mlango wa peke yake unapunguza ugomvi kuliko vikao vyote vya familia. Ila kuweni waangalifu na miteremko yetu. Kuchimba ukingo ili kuongeza chumba kumeshaangusha nyumba nyingi katika mji huu wakati wa mvua. Na kama mnampa kipande cha kiwanja moja kwa moja, fuateni njia ya ofisi ya ardhi mpate cheti cha kuandikishwa, ambacho sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inakitambua kuwa hati ya kuthibitisha haki ya kutumia kiwanja. Ahadi za mdomo juu ya ardhi ndizo zinazowapeleka ndugu mahakamani baada ya mazishi.

Usiku na safari

Sitamwambia mzazi wa Bukavu aache kuogopa. Wizi wa usiku upo, risasi tumezisikia, na tangu Februari 2025 hakuna anayejua kesho njia gani itakuwa wazi. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulipofungwa, waliokuwa wakienda Kinshasa kwa ndege walilazimika kuzunguka kupitia nchi jirani. Hofu ya namna hii ina sababu, na kijana mwenye akili anaijua.

Basi ifanyeni hofu iwe mpango. Kubalianeni mambo machache. Akiona giza limeingia kabla hajafika nyumbani, atalala kwa nani? Kuwe na nyumba moja ya Nyalukemba na moja ya Kadutu mnazozijua. Akifika anakokwenda, anatuma ujumbe mmoja. Akivuka Ruzizi, au akipanda boti ya Goma, au akishuka Kamanyola kuelekea Uvira, anasema ameondoka saa ngapi, nanyi mnangoja ujumbe wa kufika. Simu kumi na mbili katikati ya njia hazimkingi na lolote. Zinamaliza betri ambayo angeitumia kweli akipata shida. Mzazi akishatumiwa neno "nimefika", ajibu "asante", basi.

Aliyehamia mbali, Kinshasa, Kampala au Ulaya, apewe siku ya simu. Jumapili baada ya misa au ibada, kwa mfano. Katika simu hiyo mwelezeni habari za nyumbani kwanza, za furaha nazo zikiwemo, kabla ya kuuliza maswali. Watoto wengi walio mbali huacha kupokea simu kwa sababu kila simu ya nyumbani ni ya ugonjwa au ya pesa. Mpigieni siku moja kumwambia tu kwamba sambaza zimeshuka bei na mlizila mkamkumbuka.

Binti, na ndoa

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mvulana wa Ibanda huanza kuachiliwa mapema mno, binti huachiliwa kuchelewa mno. Binti ana shahada, ana kazi katika ofisi ya shirika, ana miaka 29, na bado anaomba ruhusa ya kwenda kwenye harusi ya rafiki yake. Wazazi wanangojea mume, ili mamlaka yapite kutoka mkono wa baba hadi mkono wa mume bila kupitia kwake. Halafu ndoa ikiwa ya mateso, wanashangaa kwamba hana ujasiri wa kusema. Angeupata wapi? Sheria ya Familia ya mwaka 1987 iliporekebishwa tarehe 15 Julai 2016, iliondoa lile sharti la mke kuomba idhini ya mume katika shughuli zake za kisheria. Binti ambaye nyumbani kwao hakuwahi kuwa na neno juu ya siku yake hawezi kuitumia haki hiyo.

Kwa hiyo kila nilichosema juu, kuanzia makaratasi, minervali, kikundi cha akiba hadi chumba, binti akabidhiwe kwa umri ule ule wa kaka yake. Akipata kazi Uvira au Goma na anataka kupanga nyumba peke yake, msimwambie watu watasemaje. Nendeni naye kuiona nyumba, mwangalie kufuli na majirani, mshike mkono mwenye nyumba ili ajue binti huyu ana watu. Kisha rudini nyumbani.

Katika kuchagua mwenzi, mzazi ana swali, hana kura. Ulizeni maswali yote mara moja, mkiwa mmekaa: ana kazi gani, ana watoto, anakunywa namna gani, familia yake inaishije, mmepimwa afya, mnataka kuishi wapi. Kama kuna jambo baya mnalolijua kwa hakika, lisemeni lote siku hiyo. Kabila lisiwemo. Mushi, Murega, Muhavu, Mufuliru, Mubembe, wote wamezaa na kuzika pamoja katika mji huu, na kijana aliyekataliwa kwa jina la kijiji cha babu yake hasahau. Mkishasema yenu, ngojeni jibu. Akisema ameamua, basi pokeeni posa kwa moyo mmoja, na msiwatume wajomba kupeleleza kwa siri.

Mahari nayo ni sehemu ya makabidhiano. Ng'ombe na mbuzi wa Bushi siku hizi huhesabiwa kwa dola, na orodha ndefu huwaacha wanandoa na madeni ambayo binti yenu mwenyewe atayalipa kwa chakula cha watoto wake. Ombeni kiasi ambacho kijana anaweza kukitoa bila kukopa.

Baada ya harusi, kumbukeni mambo mawili tu. Msifike kwao bila kutoa taarifa. Na msiyachukue mashitaka ya mtoto wenu juu ya mwenzake kuwa ni hukumu; sikilizeni, ulizeni kama yuko salama, mumwelekeze wazungumze wawili. Akisema anapigwa, hapo hakuna kungoja tena: mfungulieni mlango usiku huo huo.

Mzazi naye

Kuna jambo ambalo akina mama huwa hawalisemi katika shirika wala katika ibada za nyumbani: mtoto akishakabidhiwa maisha yake, siku inabaki na masaa mengi. Wapo wanaomrudia mtoto kwa sababu hiyo tu, hawana mahali pengine pa kwenda na mapenzi yao. Limeni shamba la Kabare mliloliacha. Ingieni kwaya. Mzee na mkewe watoke siku moja, washuke hadi ziwani, wazungumze jambo lisilohusu watoto. Mwanzoni ni vigumu, kisha maneno yanarudi. Mjane au aliyelea peke yake awe na rafiki wa umri wake wa kumwambia hofu zake kabla ya kumpigia mtoto.

Akirudi

Wengine watarudi. Biashara itakufa, mkataba utakwisha, ndoa itavunjika, njia itafungwa. Kurudi nyumbani si ushahidi kwamba mlikosea kumwachilia.

Siku ya kwanza mpeni maji ya kuoga, chakula na usingizi. Maswali yangoje. Baada ya juma moja kaeni naye mpange: atakaa mpaka lini, atachangia nini, atafanya nini wakati anatafuta. Tarehe iwekwe, hata ikibidi kusogezwa baadaye. Asirudishwe katika cheo cha mtoto: makaratasi yabaki kwake, simu ibaki yake, wadogo zake wasiambiwe kwamba ameshindwa. Na maneno "tulikwambia" yasitoke kwa mtu yeyote katika nyumba ile, pamoja na bibi na shangazi.

Kama mtoto wako leo ana miaka 16 au 17, huna haja ya kungojea diploma wala mahari. Hesabu naye nauli ya mwezi ujao, umpe yote siku ya kwanza, na ufunge mkoba mpaka mwezi uishe.